Mkato wa Sitini na Nne

Kosa langu lina herufi kumi na moja, ukihesabu na alama ya sawasawa iliyo katikati. Nililiandika saa kumi na moja jioni, nimekaa kwenye kigoda uani kwa Mzee Ndelilio kule Machame, kompyuta iko magotini, na nilipomaliza nikajipongeza kwa sauti. "Fundi wewe!" nilijiambia. Aliyenisikia ni ng'ombe peke yake, naye hakuacha kucheua.

Mwaka huo, 2009, nilikuwa na duka la intaneti mtaa wa Pasua, mjini. Kompyuta sita, zinazowaka nne. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kutoka kwenye kurasa nilizochapisha na kuzishona kwa uzi wa viatu. Jina langu ni Godbless, ila mtaani waliniita Injinia na sikumkataza mtu. Ukiitwa injinia miaka mitano unaanza hata kutembea kiinjinia, na unaona aibu kuuliza maswali.

Mama yangu, Elinipendo, ni mjane, anakaa Machame kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, alikoolewa mwaka 1969, mwisho kabisa wa mfongo. Mfongo ni mfereji wa udongo waliouchimba wazee wetu kwa majembe. Unachukua maji mtoni, juu karibu na msitu, na kuyateremsha nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ina siku yake na saa zake. Zamu yako ikifika unang'oa kizibo cha mgomba na udongo kwenye mlango wako, unamwagilia migomba na kahawa na majani ya ng'ombe, kisha unaziba na kumwachia mwenzako wa chini. Zamu ya mama ilikuwa Jumanne alfajiri. Utotoni mwangu Jumanne nilisikia jembe lake kabla sijasikia jogoo.

Ndipo ukaja mradi. Wafadhili walitaka kusakafia mfongo wote kwa saruji na kuweka milango ya chuma yenye kufuli. Jambo jema, nani angekataa? Mfereji wa udongo unakunywa nusu ya maji yake njiani. Lakini mlango wa chuma ungewekwa kwa yule tu ambaye zamu yake imo kwenye orodha. Asiyekuwemo asingepata hata maji ya kuvuja, kwa sababu saruji haivuji. Hapo jirani yetu wa juu, Elisaria, akainuka mkutanoni na kusema mama hana zamu.

"Mama Godbless anapata mabaki," alisema. "Maji yanamfikia kwa sababu mfongo unavuja, na sisi wa juu tunasahau kuziba. Hiyo siyo zamu. Hiyo ni huruma."

Mama alikaa mkutano mzima mikono ndani ya kanga. Alilia alipofika jikoni kwake. Miaka arobaini anaamka Jumanne na jembe, halafu mtu anasimama mbele ya watu na kuita ile kazi huruma.

Aliyejua ukweli alikuwa mmoja. Mzee Ndelilio, tuliyemwita Meku kama tunavyowaita wazee wote, alikuwa msimamizi wa mfongo tangu kabla ya Uhuru. Alikuwa na fimbo nyeusi yenye mikato, mkato mmoja kwa kila zamu kuanzia mtoni hadi mwisho. Alikuwa akiweka kidole gumba kwenye mkato na kukuambia zamu ni ya nyumba gani, siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, ilipatikanaje, na nani alishuhudia ikitolewa. Fimbo ile mkononi mwa mtu mwingine ilikuwa kuni tu. Mkutano ukaamua, na Elisaria akakubali mbele ya watu wote, kwamba atakachosema Meku kwa kila zamu ndicho kitakachoandikwa, na ugomvi uishe.

Bi Victoria wa mradi akaomba orodha hiyo iletwe kwa JSON, kwa kuwa mfumo wao ulipokea faili za namna hiyo tu. JSON si kitu cha kutisha. Ni maandishi ya kawaida yaliyopangwa ndani ya mabano, jina la kitu na thamani yake, na kompyuta yoyote inayasoma. Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Nikasema hiyo kazi ndogo.

Nilikwenda kwa Meku Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Wewe ni yule wa Elinipendo, mwenye mashine."

"Ndiyo, Meku."

"Umekuja na kalamu?"

"Ninayo hapa."

"Hiyo irudishe kwenu." Akakohoa, akatema pembeni. "Baba yangu alimwandikisha karani maneno haya kwenye daftari. Karani akanyweshwa mbege, ukurasa ukachanwa. Nyumba tatu hazikupata maji tena. Karatasi mimi sitaki."

Nikamwambia simu yangu inaweza kunasa sauti. Hilo nalo akalikataa. Alisema hataki sauti yake iendelee kusema huku juu na yeye yuko chini ya ardhi. Kisha akaigusa kompyuta kwa ncha ya fimbo, taratibu, jinsi mtu anavyomgusa mbwa wa watu.

"Na hiyo? Mtu anaweza kuchana ukurasa wake?"

"Hapana, Meku. Hii haichanwi. Ukishasema, imebaki."

Ndivyo nilivyomjibu. Maneno yenyewe ni hayo, sikupunguza.

"Basi nitasema mara moja," akasema. "Pumzi ya kuuzunguka mfongo ninayo moja tu. Na mwenye zamu asisimame karibu zamu yake ikisemwa. Akae ndani. Sitaki mtu wa kunikumbusha ninachokijua."

Tulitembea siku tisa. Kuna siku tulifanya milango kumi, kuna siku minne, kifua kikimbana. Kila tulipofika mlangoni mwenye nyumba aliingia ndani na kufunga, Meku akashika mkato wake na kusema, mimi nikabonyeza. Kwenye programu nilitengeneza klasi, yaani kiolezo, niliyoiita Zamu, yenye nyumba, siku, saa, asili na shahidi. Kila Meku alipomaliza mlango, obijekti mpya ya Zamu, yaani nakala ya kiolezo iliyojazwa maneno yake, ilizaliwa na kuingia kwenye orodha. Jioni programu ilitakiwa kuigeuza orodha kuwa JSON, kuiandika kwenye faili lenye tarehe ya siku ile, nami nizime mashine ili betri ifike kesho.

Jioni ya kwanza programu iligoma. Python inajua kugeuza namba, maneno na orodha za kawaida kuwa JSON. Klasi uliyoibuni mwenyewe haiijui, na iliniambia hivyo waziwazi: obijekti ya Zamu haigeuziki. Betri ilikuwa imebaki asilimia sita. Dawa yake ilikuwepo kwenye kurasa zangu, na si ngumu. Unaiambia itoe vilivyomo ndani ya kila Zamu, nyumba, siku, saa, kimoja kimoja, na hivyo ndivyo viandikwe. Ni mstari mmoja. Lakini juu yake, kwenye ukurasa uleule, mtu mwingine alikuwa ametoa dawa fupi zaidi: default=str. Maana yake, ukikutana na kitu usichokijua, kifanye tu kuwa maneno. Nikaona, si maneno ndiyo ninayoyataka? Nikaandika.

Kosa likanyamaza. Faili likatokea, lina ukubwa wake na tarehe yake. Kesho yake likatokea la pili. Sikufungua hata moja. Ningefungua la nini, mimi injinia? Nina hasira hadi leo, na hasira yangu yote iko hapa, kwenye kidole ambacho hakikubonyeza mara mbili juu ya faili.

Siku ya tisa tulifika mwisho. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mama alimpa Meku kigoda, akaingia jikoni na kufunga mlango kama wengine, ingawa niliona kivuli chake kwenye upenyo. Meku akateremsha kidole gumba hadi mkato wa mwisho kabisa, karibu na ncha ya fimbo. Akacheka kwanza. Sijui alikumbuka nini. Kisha akaanza kusema, akasema kwa muda kuliko milango mingine yote, mimi nimejifunika koti pamoja na kompyuta isilowe, nabonyeza. Nakumbuka nilikosea herufi nikarudi kuifuta. Nakumbuka tone la mvua kwenye kioo.

"Umeiweka?" akaniuliza.

"Nimeiweka, Meku."

"Basi sasa mimi ni mtupu," akasema, na mama akamletea bakuli la mtori.

Siku kumi na moja baadaye alifariki kwa homa ya mapafu, hospitalini mjini. Tulimzika kwenye kihamba chake. Msibani watu walinishika mkono kwa muda mrefu, kana kwamba mimi ndiye mfiwa. "Ashukuriwe Mungu uliwahi," waliniambia. Elisaria naye alinishika mkono. Nami nikaitika kwa unyenyekevu, na moyoni nimejaa sifa.

Mkutano wa kufunga orodha ulipangwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi, dukani, nikaingiza CD niliyohifadhia faili zote tisa na kufungua la kwanza ili nimtumie Bi Victoria. Lilikuwa na mistari saba. Wa kwanza ulisomeka hivi:

"<__main__.Zamu object at 0x00C81A30>"

Wa pili ulikuwa hivyohivyo, namba tu ilibadilika. Na wa tatu. Nikafungua faili la pili, la tano, la tisa. Sitini na nne yote, bila kupungua hata moja. Nilihesabu kwa kidole kwenye kioo.

Nitaeleza maana yake, kwa kuwa nimelazimika kuieleza mara nyingi. Nilipoiambia Python ifanye kila Zamu kuwa maneno, haikuchukua maneno ya Meku. Iliandika tu kwamba hapa pana Zamu moja, na imekaa mahali fulani ndani ya mashine. Ile namba ya mwisho ndiyo anwani ya mahali hapo. Jioni ile, mashine ikiwa bado inawaka, ungeifuata anwani ukakuta nyumba, siku, saa, asili, shahidi. Nilipoizima, pakawa patupu. Nilikuwa na anwani sitini na nne za nyumba zilizobomolewa siku ileile zilipojengwa.

Niliwafukuza wateja nikafunga duka. Siku mbili nilichokonoa diski ya ile kompyuta, kila kona ninayoijua na nyingine nilizojifunza palepale. Nikampigia rafiki yangu Filbert wa Dar, aliyesoma mambo haya chuoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kaka, hiyo imekwenda," alisema, na akaniomba radhi kama vile yeye ndiye aliyekosea. Nikapiga meza. Jumamosi nikapanda Machame.

Zamu sitini na tatu zilikuja kupatikana upya bila shida, baada ya mkutano wa Jumatatu, lazima niseme hilo. Bi Victoria alipita nyumba kwa nyumba na karatasi, kila mtu akataja ya kwake, jirani zake wa juu na wa chini wakaitikia. Hazikuwa na ugomvi. Iliyokuwa na ugomvi ni moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa na mtu mmoja tu wa kuisema.

Nilimweleza mama tukiwa bandani. Hakuelewa habari za anwani, nami sikumlazimisha. Aliuliza jambo moja.

"Lakini wewe ulikuwepo, baba. Ulisimama karibu naye. Meku alisema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote isipokuwa hilo. Nilijitafuta kichwani, nikaliona koti, nikaliona tone la mvua, nikaiona ile herufi niliyokosea. Sauti ya Meku niliisikia vizuri, ikipanda na kushuka, lakini maneno hayakuwemo. Siku zote tisa sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naangalia herufi zangu zikitokea, nikiamini kuna anayesikiliza kwa niaba yangu.

"Alisema Jumanne," nikamwambia.

"Hilo mimi najua. Ilipatikanaje? Nani alishuhudia?"

"Sikumbuki, mama."

Aliendelea kumkatia ng'ombe majani. Kisha akasema, "Haya." Ningependa angenitukana.

Jumatatu Grace, binti wa Meku, alikuja mkutanoni na fimbo ya baba yake. Mimi nilikuja na karatasi yenye mistari sitini na nne, kwa sababu mtu hawezi kwenda mikono mitupu. Mwenyekiti wa mfongo, Bwana Sirili, akahesabu mikato kwa sauti, kisha akahesabu mistari yangu. Sitini na nne na sitini na nne. Kuna mtu nyuma alipiga makofi, akidhani mambo yamekamilika.

"Sasa tusomee huu wa mwisho," Bwana Sirili akasema.

Nikaeleza. Minong'ono ikaanza, na ndani ya minong'ono nikasikia jina langu la Injinia likitajwa vibaya. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakunitazama.

"Karatasi tuiache," Bwana Sirili akasema kwa upole. "Wewe ni mtu mzima na ulikuwa na marehemu. Tuambie kwa mdomo alichosema. Elisaria, utakubali?"

"Nitakubali," Elisaria akasema. "Alichosema Meku, mimi nitakikubali. Shahidi alimtaja nani?"

Ningesema sijui. Hapo ndipo pa kusema sijui. Lakini niliwaona wote wakinisubiri, nikamwona mama na mikono yake ndani ya kanga, na kile kiburi changu kikaniinua kwenye benchi.

"Alimtaja babu yangu," nikasema. "Mzee Eliona. Alisema Mzee Eliona ndiye aliyeshuhudia zamu ikitolewa."

Elisaria hakucheka. Angecheka, ningepata pa kushikia hasira. Alishusha macho, akatoa leso, akajifuta shingo.

"Babu yako alifariki mwaka hamsini na nane," alisema. "Mfongo ulifikishwa huku chini baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa kijana, nilibeba udongo. Meku aliyajua hayo kuliko mimi. Hawezi kuwa alisema hivyo."

Bwana Sirili aliniambia nikae, nikakaa. Mpaka dakika ile mama alikuwa mjane anayesingiziwa, na nusu ya mkutano ilikuwa upande wake. Baada ya hapo alikuwa mama wa mwongo. Waliandika kwamba zamu sitini na tatu zitathibitishwa nyumba kwa nyumba, na ya mwisho haina ushahidi. Bi Victoria aliifunga orodha, safari hii kwenye karatasi kwanza, kisha akaiingiza kwenye mfumo yeye mwenyewe.

Tulirudi kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Njiani alisema mara moja tu, bila kugeuka. "Afadhali ungesema hukumbuki."

Saruji ilifika huku chini Novemba. Kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya, imenyooka na haina hata ufa. Ilikoma mpakani kwa Elisaria, na mlango wake wa chuma ndio wa mwisho. Kutoka pale hadi kwetu umebaki mfereji wa udongo, na majira ya kiangazi ulikauka hadi majani yakaota ndani yake. Mama aliuza ng'ombe mmoja mwezi Januari. Migomba ya upande wa chini ilianza kukunja majani, kisha kahawa ikafuata. Nilinunua pipa, nikamnunulia na mpira, nikamlipa mtu wa kuteka maji mtoni mara mbili kwa wiki. Alinishukuru kwa kila kitu, neno kwa neno, kama mgeni.

Fimbo Grace alimpa mama. Alisema kwao hakuna anayeitaka, na kuitia motoni anaogopa.

Jumanne iliyopita nililala kwake. Alfajiri nikasikia jembe. Nikatoka nikamkuta mlangoni pa mfereji, amevaa buti zake, amekwisha kung'oa kizibo. Amekuwa akifanya hivyo kila Jumanne, jirani walikwisha kuniambia, na mimi nilijifanya sikusikia. Udongo ndani ya mfereji ulikuwa mkavu, umepasuka. Alisimama akiuangalia, jembe begani, na fimbo ya Meku kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaitoa fimbo na kuigeuza kwenye mwanga. "Wangu ni upi?"

"Wa mwisho, mama. Huo wa sitini na nne, karibu na ncha."

Akautafuta, akauona. Akaweka kidole gumba juu yake kama Meku alivyokuwa akiweka, akakitengeneza vizuri kikae ndani ya mkato. Kisha akanitazama, akasubiri niseme.